Mkoa Niliousahihisha

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuchapa karatasi za watu. Duka letu lilikuwa Al Rigga, mtaa wa Deira mjini Dubai, baina ya duka la simu na mkahawa wa Wafilipino, na ubao wa mlangoni ulisema kwa Kiarabu kwamba tunachapa maombi ya viza, ukaazi, mikataba na tafsiri. Watu wakiliita taipingi tu. Mtu anaingia na bahasha, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anakukabidhi maisha yake, nawe unayagawa kwenye visanduku: jina, jina la baba, tarehe, mahali alipozaliwa. Ukikosea, anarudi baada ya wiki mbili uso umemshuka, na lawama zote zako.

Taipingi zote za Deira zilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika popote: fuata pasi, yaani pasipoti. Cheti cha ndoa kikisema hivi na pasi ikisema vile, fuata pasi. Shahada ya chuo ikiwa na majina matatu na pasi ina mawili, fuata pasi. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza na arbab wangu, mwenye duka, Mhindi wa Kerala aliyekuwa mzee wa Deira kuliko majengo yake, nami nikawafundisha wasichana watatu walionifuata. Karatasi zikipishana mimi nazisawazisha, na nilikuwa nikijisifia kwa hilo. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kosa nitakalolisimulia lilikuwa la mgeni wa kazi. Lilikuwa la mtu anayeijua kazi mno, na bado likinijia mdomoni nataka kulitema.

Mwaka 2014, joto lilipoanza kupungua, alikuja mwanamke wa duka la makoti ng'ambo ya barabara. Makoti ya manyoya, ya kuvaliwa kwenye theluji, yanauzwa Deira ambako mtu hutoka jasho kwa kuvuka barabara tu. Tulizoea kuwacheka wanunuzi wakijitazama kwenye vioo huku nje lami inayeyuka. Yeye ndiye aliyekuwa meneja pale, mwanamke wa miaka arobaini, mfupi, nywele zimebanwa, viatu vya kazi. Mtaa mzima ulimwita Mrusi.

"Mimi si Mrusi," aliniambia siku ile ile ya kwanza, kabla hajakaa. "Mrusi ndiye mteja. Mimi Mkazaki."

"Samahani, madam."

"Na usiniite madam. Nauza makoti kama wewe unavyouza karatasi."

Nikampenda papo hapo, kwa sababu na mimi nina ulimi.

Alitaka kumleta mama yake. Ndilo jambo lenyewe, na hakuwa na jingine. Alikuwa mtoto wa pekee, baba amekufa, na mama yake aliishi peke yake katika mji wa Arkalik, kaskazini ya Kazakistani, kwenye jengo la ghorofa tano ambamo fleti tatu tu zilikuwa na watu. Majira ya baridi yaliyopita bomba la kupasha joto lilipasuka, na mama akalala siku nne jikoni na koti mwilini, tanuri limeachwa wazi. Binti alikuwa hapa, amezungukwa na makoti mia mbili, anamsikiliza mama yake kwenye simu meno yakigongana. "Baridi nyingine sitaki aipate kule," alisema. "Kabla ya Januari awe hapa. Yalla, nisaidie."

Nikafungua bahasha. Cheti cha kuzaliwa cha binti, cha kuthibitisha nani mama yake, kilikuwa kijitabu cha kijani cha Kisovieti, maandishi ya mkono, wino umegeuka zambarau. Pasi yake ilisema amezaliwa mkoa wa Kostanai. Cheti kilisema mkoa wa Turgai. Nikauliza upi ndio sawa.

"Yote miwili," akasema. "Turgai haupo. Waliufuta."

Nikauliza nani anafuta mkoa, kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikia mkoa unafutwa kama hesabu ubaoni. Akaniambia. Alikuwa akija kila siku wakati wa mapumziko yake ya mchana kuuliza karatasi zimefikia wapi, anakaa kwenye kiti kile cha plastiki, na kidogo kidogo nikaipata hadithi yote.

Mwaka 1970 wakubwa wa Usovieti walichukua ramani wakakata kipande huku na kipande kule, kutoka mikoa miwili jirani, wakauita mkoa wa Turgai. Makao makuu yakawa Arkalik, mji mchanga wa machimbo ya madini ya aluminiamu katikati ya nyika tupu, upepo kutoka kila upande. Mkoa ukitaka kuwa mkoa lazima uwe na ofisi, na ofisi lazima iwe na mpiga taipu. Mama yake alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alisafiri siku tatu kwa treni na lori, akapewa meza, mashine, na chumba kwenye bweni. Karatasi za mwanzo za mkoa ule alizipiga yeye: walimu wangapi wanahitajika, vitanda vingapi vya hospitali, barabara ipite wapi. Aliolewa pale. Binti yake alizaliwa pale mwaka 1974, na yule aliyeandika "Turgai" kwenye kijitabu cha kijani aliandika kitu kilichokuwapo, chenye lami, shule na ukumbi wa sinema.

Mwaka 1988 likaja agizo kwamba mkoa umekwisha. Kwa nini? Kubana matumizi, walisema. Mama yake ndiye aliyepewa kazi ya kupiga taipu orodha ya kukabidhi: viti, makabati, mazulia, mashine za kupigia taipu, pamoja na hiyo aliyokuwa akiitumia. Alipomaliza ukurasa wa mwisho akaifunika mashine, akaenda nyumbani. Miaka miwili baadaye wakasema hapana, mkoa upo tena. Wakamwita. Akarudi, akakuta mazulia yamekwenda na makabati hayana milango. Mwaka uliofuata Usovieti wenyewe ukavunjika, na mkoa wa Turgai ukabaki umesimama ndani ya nchi mpya kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Mwaka 1997 wakaufuta mara ya pili, vipande vyake wakavigawa, na safari hii hawakumwita mtu.

Wakati huo binti alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, ameyaona kwa macho yake. Ofisi ilipoondoka ikaondoka na sababu ya mji. Machimbo yalidorora, joto likakatwa, watu wakapanda mabasi na kuacha milango wazi. Wengine hawakufunga hata mabomba, maji yakaganda ndani ya majengo na kuta zikapasuka. Walioachwa waling'oa madirisha ya walioondoka ili wazibe yao. Mama yake hakuondoka. Alisema amekuwa pale tangu karatasi ya kwanza.

Mimi hadithi ile ilinikera. Sikuwa na huzuni yoyote, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nikichapa huku nikiwajibu wasichana wangu vibaya. Mtu yuko ofisini, tumbo limeshiba, chai mezani, anachora mstari, na wengine wanaacha kwao kwenda kuishi ndani ya mstari ule, wanaoa, wanazaa, wanazika. Kisha mwingine anaufuta, na hata samahani hasemi. Na karatasi zile mbaya hupigwa na nani? Na mwanamke mwenye meza ndogo, anayelipwa kwa mwezi, anayetakiwa asikosee. Kama mimi.

Sasa nisikilizeni nilivyofanya, mimi mwenye hasira zote hizo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Cheti cha Kirusi kinakwenda kwa mtafsiri aliyesajiliwa, mitaa miwili kutoka kwetu. Anakitafsiri kwa Kiarabu, anatutumia kwenye kompyuta, sisi tunakipanga, tunakichapa kwenye karatasi yake yenye nembo, kisha rundo la siku nzima linarudi kwake kupigwa mhuri. Alikuwa akigonga mihuri huku anazungumza na simu. Tafsiri ya cheti kile ilikuja sahihi: mkoa wa Turgai. Nikaiweka kando ya pasi. Turgai, Kostanai. Mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya. Nilifuta Turgai nikaweka Kostanai. Sikufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Niliona nimemrahisishia, nimemwondolea maswali dirishani, na nakumbuka kabisa nilijisikia vizuri.

Hakuna aliyeniamuru. Arbab hakujua. Mwenye cheti hakujua. Ndani ya siku chache baada ya kuwalaani waliofuta mkoa wake, niliufuta mimi kwa mara ya tatu.

Mwisho wa Novemba ujumbe ukaja kwenye simu yake: ombi limekataliwa, tafsiri hailingani na asili. Hakunijia akipiga kelele. Alikuja na simu mkononi akaiweka kwenye meza yangu, akasema, "Hili neno maana yake nini?" Nikalisoma. Nikamwambia papo hapo kuwa ni mimi. Hilo nililifanya, angalau.

Akauliza, "Kwa nini?"

"Nilifuata pasi."

Siku ya pili niliomba ruhusa tukaenda pamoja dirishani, ofisi ya uhamiaji. Afisa alikuwa kijana mpole, kanzu imepigwa pasi vizuri, na upole wake ndio ulionimaliza, maana hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Alitandaza karatasi mbele yetu. Mwenzake anayesoma Kirusi alikuwa amezungushia duara neno Turgai kwenye kijitabu cha kijani.

"Dada, hapa pana mkoa mmoja, na hapa pana mwingine. Nani kabadilisha?"

"Mimi, wa taipingi," nikasema. "Ni mahali pale pale. Mkoa wa zamani ulivunjwa."

"Nakuamini, wallahi. Lakini mimi nimwonyeshe mkubwa wangu nini? Kuniamini kwangu hakuna mhuri." Akakusanya karatasi. "Lete tafsiri sahihi, sawa, lakini sasa faili lina alama. Watataka cheti kipya kutoka huko huko, chenye mkoa wa leo. Inshallah mtakipata upesi. Khalas."

Cheti kipya kilikuwa kinatolewa Kostanai, kwa sababu majalada ya mkoa uliokufa yalihamishiwa huko, na lazima aende mwenyewe au mzazi wake. Yeye akamwomba kafeel wake, tajiri aliyemdhamini, ruhusa ya wiki moja. Ilikuwa Desemba, mabasi ya watalii yanashusha watu mlangoni kwao, na kafeel akasema Machi. Nikaenda kumwona mimi mwenyewe, bila kuitwa. Nikamweleza kuwa kosa ni langu, na mama wa watu anaganda. Akanitazama tangu viatu mpaka ushungi, akasema, "Na wewe ni nani wake?" Sikuwa na jibu lenye mhuri.

Jioni ile nilifika nyumbani Rashidiya nimevimba kama mkate, nikamsimulia baba. Baba alihama Unguja kijana, mwaka wa mapinduzi, akafanya kazi bandarini hapa mpaka akastaafu. Nilitaka aniambie kwamba si kosa langu, kwamba ni mambo ya maofisa. Alikuwa akikoroga chai, akaacha.

"Nani kakutuma umbadilishie mtu alipozaliwa?"

"Baba, ule mkoa haupo."

"Haupo wapi? Yeye mwenyewe yupo?"

"Yupo."

"Basi upo!" Alipiga meza, na baba yangu si mtu wa kupiga meza. "Mimi nimezaliwa Unguja kuna Sultani na Mngereza, Tanzania hata mimba yake haijatungwa. Nikenda kufanya pasi, kijana mmoja kama wewe, hodari kama wewe, kaniandikia nimezaliwa Tanzania. Nikamwambia sivyo. Kanambia, mzee, ndo tunavoandika. Miaka yote hii natembea na karatasi inayosema nimezaliwa nchi ninayoizidi umri. Umepata kunisikia nalalamika?"

"La, baba."

"Sikulalamika kwa kuwa nilidhani waandishi hawana nyumba zao. Kumbe mmoja analala kwangu."

Aliinuka akaniacha na chai yake. Nilimkasirikia baba wiki nzima, na kila nikimkasirikia nilikuwa najua kuwa ana haki. Ni hasira mbaya kuliko zote hiyo, haina pa kukaa.

Mwezi wa Januari mama wa Arkalik alikwenda Kostanai mwenyewe. Binti yake alimkataza kwenye simu, mbele yangu, kwa sauti iliyowafanya wateja wageuke. Mama akajibu kwamba yeye amefanya kazi ofisi ya mkoa miaka ishirini na tano, anajua vyeti vinavyotolewa, na hatangoja msimu wa makoti uishe. Toka Arkalik mpaka Kostanai ni safari ya kutwa kwa basi kukiwa kuzuri. Alikwenda salama. Dirishani akaambiwa aje kesho, kesho akaambiwa aje keshokutwa, siku ya tatu akakipata. Njiani kurudi, theluji ikawafunika, basi likazima katika nyika na likakaa hapo mpaka trekta lilipowafikia asubuhi. Ndani ya basi walikuwamo akina mama wawili wenye watoto wachanga, na yeye akawapa viatu vyake vya manyoya wawafunikie watoto miguu. Cheti alikiweka kifuani, ndani ya nguo.

Cheti kilifika kimenyooka, hakina hata kunyanzi. Kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa kiliandikwa mkoa wa Kostanai, neno lile lile nililoliweka mimi mwezi wa Novemba. Nililisoma mara nyingi. Uongo wangu ulikuwa umekwenda mpaka Kazakistani ukapigwa mhuri, na sasa ulikuwa kweli, na kweli ya kijitabu cha kijani ilikuwa ndiyo inayoleta matatizo. Nilichapa ombi jipya. Visanduku vyote vikalingana. Likakubaliwa ndani ya siku nane.

Binti yake hakuwahi kunigombeza. Hata siku moja. Nilikuwa namwona ng'ambo ya barabara anamvisha mteja koti, namwambia kimoyomoyo, njoo basi, njoo unitukane tumalize. Akija ananisalimu, ananiuliza hali ya baba. Nilimkasirikia na yeye pia, Mungu anisamehe.

Mama alifika mwezi wa Aprili. Nilikwishaambiwa kuhusu mguu, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Aliingia dukani kwetu na mkongojo mpya, mguu wa kushoto katika kiatu kipana cha kitambaa, binti yake amemshika kiwiko. Bibi mdogo wa umbo, kitambaa cha maua kichwani, macho makali ya mtu aliyezoea kutafuta makosa kwenye ukurasa. Vidole vitatu vya mguu ule vilikatwa Februari, baada ya kuganda usiku ule wa basi.

Hakuelekea kwenye kiti. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, akaitazama mashine ya kuchapia, akazitazama karatasi zilizopangwa, akaguna kwa kuridhika, kama fundi aliyeingia karakana ya mwenzake. Kisha akaanza kunisemesha kwa Kikazaki.

"Anasema asante kwa karatasi nzuri," binti akatafsiri. "Anasema mwanamke aliyezipanga anajua kazi."

Nikageuka kumtazama. "Hujamwambia?"

Akatikisa kichwa kidogo sana.

Damu ikanipanda. Nilisimama. Wateja wanne walikuwa wamekaa na bahasha zao, arbab alikuwa kwenye simu, na mimi sikujali. Nilisema kwa Kiingereza, polepole, nikimtazama bibi usoni ili asione nimejificha: "Mwambie aliyeharibu karatasi ni mimi. Mwambie mkoa niliubadilisha mimi, hakuna aliyeniambia. Mwambie kama si mimi asingepanda basi lile."

Binti alinitazama. Akamgeukia mama yake, akasema maneno, marefu kuliko yangu. Bibi akasikiliza huku kichwa amekiinamisha. Kisha uso wake ukafunguka akacheka, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili mikavu, akanivuta chini, akanibusu kwenye paji la uso.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba unamkaribisha Dubai. Na kwamba ulihangaika sana kwa ajili yake."

"Sikusema hivyo."

"Najua."

"Basi mwambie nilivyosema!"

Akaniinamia, sauti yake ikashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nikaisikia hasira yake, yote, ilikuwapo siku zote. "Alikwenda, akakipata, akakirudisha kifuani. Majirani wote aliwaonyesha kile cheti. Anadhani amewashinda wale wa madirishani. Wewe unataka nimwambie nini? Kwamba vidole vyake vilikwenda bure, ili wewe ulale vizuri?"

Mama alikuwa akipekua mkoba wake, hana habari. Akatoa soksi za sufu, nzito, za kijivu na mstari mwekundu, akaniwekea mkononi.

"Amekufumia wewe," binti akasema. "Hospitali, alipokuwa amelazwa. Anasema mpiga taipu hukaa sana, miguu hupata baridi."

Nje ilikuwa digrii thelathini na nane. Bibi akanionyesha kwa mkono nizivae hapo hapo, aone kama amekisia vizuri. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja. Nikavua viatu, nikavaa ya kulia, nikavaa ya kushoto. Akainama kwa tabu juu ya mkongojo wake, akaniminya kwenye ncha za vidole, kimoja kimoja, kuhakikisha kuwa vyote vimepata nafasi.